Baba wa Mayatima wa Stans: Maisha ya Johann Heinrich Pestalozzi



Katika nyumba nyingi hapa kambini kuna mtoto ambaye zamani alipenda shule na leo haipendi tena. Kule nyumbani alikuwa darasa la tano. Alipofika huku akawekwa darasa la pili kwa sababu ya lugha. Anaketi nyuma, pamoja na watoto wanaomfika begani. Akiulizwa swali anainamisha kichwa. Sisi wazazi tumemwita mzito, na yeye mwenyewe ameanza kusadiki hivyo.

Kwa ajili ya mtoto huyo tumeona vema safari hii kueleza maisha ya Johann Heinrich Pestalozzi, mtu wa nchi ya Uswisi. Ndugu zetu waliosomea ualimu wanalijua jina lake. Lakini si wengi wanaojua kwamba kazi yake aliijifunza kwa watoto wa vita, na kwamba kabla ya hapo alikuwa amekosea kwa mtoto wake mwenyewe.

Utoto wake

Alizaliwa katika mji wa Zürich tarehe 12 Januari 1746. Baba yake alikuwa mganga, naye alifariki mwaka 1751, mtoto akiwa na miaka mitano tu. Mama akabaki mjane mwenye watoto na mali kidogo. Kabla ya kukata roho, baba alimsihi mtumishi wa nyumbani, dada mmoja aliyeitwa Babeli, asimwache mama na watoto. Babeli akaahidi, na ahadi yake akaitimiza kwa miaka mingi.

Umaskini uliwabana. Watoto walizuiwa kucheza nje ili nguo na viatu visichakae. Hivyo Heinrich alikua bila kuzoea wenzake, na alipoanza shule akawa mzito wa mikono na mchafu wa mavazi. Wenzake walimcheka na kumpa jina la utani. Lakini mwaka 1755 tetemeko la ardhi lilipotokea, walimu na wanafunzi wakakimbia chini, ni yeye aliyekubali kurudi juu kuwachukulia kofia na vitabu vyao. Tuseme nini basi? Aliyechekwa na darasa zima alikuwa na moyo ambao darasa halikuujua.

Babu yake alikuwa mchungaji wa kanisa katika kijiji cha Höngg. Mtoto alipomtembelea aliwaona watoto wa wakulima maskini, na hali yao haikumtoka moyoni.

Kosa lake kwa mwanawe

Mwaka 1769 alimwoa Anna Schulthess, wakaenda kulima mahali walipopaita Neuhof, karibu na kijiji cha Birr. Mwaka 1770 wakapata mtoto wa kiume, mtoto wao wa pekee. Pestalozzi alimpenda sana. Alikuwa amesoma vitabu vya Rousseau kuhusu malezi, akataka kuyajaribu mafundisho yale kwa mwanawe. Siku nyingine alimwacha huru kabisa, siku nyingine alimketisha na kumsukuma ajifunze mambo yaliyopita umri wake. Katika daftari lake la mwaka 1774, mtoto akiwa na miaka mitatu na nusu, aliandika jinsi masomo yalivyokwenda, na humo alikiri kwamba mara nyingine alimlazimisha kupita kiasi. Mtoto alipokaribia miaka 12 alikuwa bado hajui kusoma na kuandika sawasawa. Baadaye alishikwa na kifafa, akafa mwaka 1801, akiwatangulia wazazi wake.

Hatulisemi jambo hili ili kumhukumu. Tunalisema kwa sababu wako wazazi kati yetu wanaolala na majuto ya namna hiyo. Pestalozzi hakuyaficha makosa yake, wala hakukaa chini kwa sababu yake.

Kilimo nacho kilimshinda. Mwaka 1774 aliwakusanya watoto maskini pale Neuhof, wakawa wanalima, wanasokota pamba na kujifunza kusoma na kuhesabu. Mwaka 1780 madeni yakaifunga nyumba ile. Watu wakamwona mtu asiyefaa kitu. Akashika kalamu, na mwaka 1781 akatoa kitabu cha Lienhard na Gertrud, hadithi ya mama wa kijijini anayewafundisha watoto wake katikati ya kazi za nyumba. Kitabu hicho kilimpa sifa, lakini yeye alitaka watoto kuliko sifa.

Mayatima wa Stans

Mwezi wa Septemba 1798 jeshi la Ufaransa liliingia katika jimbo la Nidwalden, ambako watu walikuwa wamekataa kuapa chini ya katiba mpya ya nchi. Mamia ya watu waliuawa, nyumba nyingi zikateketezwa, na watoto wengi wakabaki bila baba wala mama. Serikali ikamtuma Pestalozzi katika mji wa Stans kuwatunza. Alikuwa karibu kufikisha miaka 53.

Alipewa sehemu ya nyumba ya watawa, ambayo ilikuwa bado haijamalizika kutengenezwa. Mwanzoni mwa mwaka 1799 watoto wakaanza kuingia, hata wakafika kama 80. Walikuja na upele na chawa, wamekonda, wengine hawaamini mtu yeyote. Wengi hawakujua hata herufi. Yeye alikuwa na mama mmoja tu wa kumsaidia kazi za nyumbani. Zaidi ya hayo, alikuwa Mprotestanti katikati ya Wakatoliki, tena ametumwa na serikali ambayo watu wa pale waliihesabu kuwa adui. Hata jamaa za watoto hawakumwamini.

Wapendwa, tuangalie alivyoanza. Hakuanza na kitabu. Alianza kwa kuwaosha, kuwalisha na kulala chumba kimoja nao. Alikuwa wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka. Aliomba pamoja nao. Alijua kwamba mtoto aliyeogopa hawezi kujifunza mpaka kwanza ajue kwamba yupo mtu anayemtaka.

Kisha akawafundisha kwa vitu vilivyokuwa karibu. Walitamka silabi kwa sauti, wote pamoja, huku mikono ikifanya kazi. Alianza na kile ambacho hata mtoto wa nyuma kabisa angekiweza, akakaa hapo mpaka kikashika, ndipo akaongeza hatua moja ndogo. Kwa kuwa hakuwa na walimu wengine, mtoto aliyejua kidogo aliketi na asiyejua, akamfundisha. Hapo aliona ajabu: mtoto aliyemfundisha mwenzake aliinua kichwa, maana kwa mara ya kwanza alijiona ana kitu cha kutoa.

Mji wa Altdorf ulipoungua mwaka 1799, aliwauliza watoto kama wangekubali kuwapokea watoto wa huko, ingawa chakula kingepungua na kazi zingeongezeka. Wakakubali. Watoto waliokuwa omba omba miezi michache nyuma sasa walikuwa tayari kugawa mkate wao.

Hakuwa malaika. Alikiri mwenyewe kwamba pale Stans mara nyingine aliwapiga watoto. Lakini walikuwa wameuona upendo wake usiku na mchana, na ndio uliobadilisha mioyo yao.

Mwezi wa Juni 1799 askari waliihitaji nyumba ile iwe hospitali. Kazi ikafungwa baada ya miezi mitano hivi, na yeye akaondoka akitema damu. Sisi tuliokwisha kuhamishwa mara mbili na mara tatu tunajua uchungu wa kuacha kazi iliyoanza kuota.

Burgdorf na Yverdon

Alipopata nafuu, mwaka ule ule wa 1799 alikwenda mji wa Burgdorf. Darasa la kwanza alilopewa lilikuwa kwa mwalimu ambaye pia alikuwa fundi viatu, na wazazi walilalamika kwamba mgeni huyu asijaribie mbinu zake kwa watoto wao. Akahamia kwa watoto wadogo zaidi. Mwaka 1800 wakaguzi walipowapima wanafunzi wake, walikuta kwamba hata wale waliodhaniwa hawawezi wameendelea vizuri.

Mwaka huo pia kijana mmoja mwalimu, Hermann Krüsi, alifika Burgdorf akiongoza watoto zaidi ya 20 wa Appenzell waliokimbia shida ya vita. Familia za mji ziliwapokea, na Krüsi akawa mwenzake wa kazi. Basi kazi hiyo ilijengwa pamoja na watoto wakimbizi kama wa kwetu.

Kutoka mwaka 1805 hadi 1825 aliongoza shule kubwa pale Yverdon. Wageni walitoka nchi nyingi kuja kujifunza kwake, naye Fröbel, aliyeanzisha shule za chekechea, alifanya kazi huko. Wanafunzi walimwita Baba. Ugomvi wa walimu wake ndio uliovunja shule ile. Akarudi Neuhof, akafa tarehe 17 Februari 1827, akazikwa Birr. Mwaka 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili, kijiji cha watoto walioathirika na vita kilianzishwa Trogen, Uswisi, kikapewa jina lake.

Neno kwetu wazazi

Pestalozzi alifundisha kwamba mtoto hukua kwa kichwa, kwa moyo na kwa mikono, na kwamba moyo ukivunjika kichwa hufunga mlango. Mambo hayo hayangoji msaada wa shirika. Jina la mzito na tuliache leo. Mtoto asiyeweza hesabu, tuhesabu naye maharagwe wakati wa kuchambua, kuanzia pale anapoweza. Aliyekwama katika lugha mpya, tumwombe amfundishe mdogo wake maneno matano aliyosikia shuleni. Akikosea, tusimlinganishe na mtoto wa jirani. Na kama jana tulimpiga au kumtukana kwa sababu ya daftari, tumwite jioni hii tumwombe radhi. Mzazi haharibu heshima yake kwa kufanya hivyo.

Mtu huyu alikosea kwa mwanawe, akaanza upya kwa mayatima akiwa mzee. Sisi nasi hatujachelewa. Bwana awabariki ninyi na watoto wenu.