Byron Kawadwa, aliyempandisha Wankoko jukwaani

LUBAGA, Kampala – Anayetoka jijini na mzigo wa Mutukula hupita Ndeeba, karibu na ukuta wa Lubiri, kasri la Kabaka. Wengi huupita bila kugeuza shingo. Mei 1966 jeshi la Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia kasri hilo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia Uingereza, akafia huko 1969. Falme zilifutwa 1967, na kuzungumzia jambo hilo hadharani kukawa hatari.

Byron Kawadwa alipata namna ya kulizungumza. Tamthilia yake, Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Wankoko, inahusu mtu asiye na haki ya kiti cha enzi anayekitwaa kwa hila. Hakutaja rais wala jeshi. Waliokaa ukumbini hawakuhitaji kuelezwa.

Ukumbi wa Taifa wa Maigizo wa Uganda ulifunguliwa 1959, na mwanzoni ulikuwa zaidi wa michezo ya Wazungu na Wahindi wa mjini. Wycliffe Kiyingi alikuwa ameshaanza kuandika kwa Kiganda. Kawadwa aliifuata njia hiyo na kuipanua. Alianzisha kikundi cha Kampala City Players, akashirikiana na mwanamuziki Wassanyi Serukenya, na katika Makula ga Kulabako na Wankoko wakachanganya mazungumzo, nyimbo na ngoma za Buganda. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipowashinda wenzake walioandika kwa Kiingereza: wimbo hutoka ukumbini na mtu, ukaenda naye sokoni.

Mwaka 1973, chini ya Amin, alikabidhiwa uongozi wa ukumbi huo.

Mapema 1977 serikali yenyewe, ajabu kweli, iliipeleka Wankoko Lagos kwenye FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za Waafrika. Huko tamthilia ilionekana kuwasema watawala. Kikundi kiliporudi Kampala, watu wa usalama walimkamata Kawadwa. Aliuawa.

Ulikuwa mwaka mbaya kwa eneo zima. Februari, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya; kufikia katikati ya mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika. Novemba, serikali ya Kenya ilizuia mchezo wa Kikuyu wa wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, na siku ya mwisho ya mwaka ikamkamata Ngugi wa Thiong'o, mmoja wa watunzi wake. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza miaka mingi bila kufungwa. Hata Waingereza kule India, 1876, walitunga sheria ya kudhibiti maigizo baada ya michezo ya Kibengali kuwakera.

Amin aling'olewa Aprili 1979. Katika miaka ya 1980 vikundi vya maigizo vya Kiganda vilichipuka Kampala, na watu wakapanga foleni kuvitazama.