Freddie Mercury: Muuza mitumba kutoka Unguja aliyeishi kwa majina mawili

Robota la fulana likikatwa Mbarara, wachuuzi wanaopeleka mali Nakivale huchambua haraka. Fulana za timu za mpira huwekwa kando, na za mashujaa wa katuni nazo kando: Superman na herufi yake kifuani, Flash na radi yake, Batman na popo wake. Hizo hazikosi mnunuzi miongoni mwa vijana wa Kikongo, Kirundi, Kinyarwanda na Kisomali wanaokulia katika makazi yale. Humo humo hutokea fulana yenye picha ya mwanamume mwenye masharubu aliyeinua ngumi, mkono wa pili umeshika kipande cha fimbo ya maikrofoni. Wengi huiuza wakidhani ni Mzungu wa Ulaya. Kumbe mtu huyo alizaliwa Unguja, aliondoka Zanzibar na familia yake wakati wa machafuko, na kabla dunia haijamjua aliwahi kuuza nguo kuukuu sokoni kama wao.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Farrokh Bulsara. Alizaliwa mjini Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake Bomi na mama yake Jer walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Bomi alikuwa keshia katika Mahakama Kuu chini ya utawala wa Waingereza. Mtoto alipofika umri wa miaka minane alipelekwa kwa meli hadi India, akasoma shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani. Wenzake wakamwita Freddie. Huko alijifunza piano, na akapiga muziki katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics.

Mwaka 1963 alirudi nyumbani. Hakukaa sana. Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar, na akina Bulsara, kama familia nyingi za Kiarabu na Kihindi, wakafunga virago. Walifikia Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Freddie alikuwa na miaka 17.

Wakati huo makazi ya Nakivale yalikuwa tayari yana wenyeji. Yalifunguliwa mwaka 1958, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Isingiro, na Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 walikuwa wakilima na kufuga huko. Tofauti kati yao na akina Bulsara ilikuwa karatasi: akina Bulsara walikuwa na pasipoti ya Uingereza. Yeyote aliyewahi kusimama Mutukula, Katuna au Bunagana bila karatasi anajua uzito wa jambo hilo.

London haikumpokea Freddie kwa zulia. Alifanya vibarua uwanja wa ndege, akasoma uchoraji katika Chuo cha Sanaa cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Kisha yeye na rafiki yake mpiga ngoma, Roger Taylor, wakafungua kibanda katika soko la Kensington, wakauza nguo za zamani. Alijua kazi ya muuza mitumba: kitambaa kilichochoka, kikipigwa pasi na kuangikwa vizuri, kinaweza kumfanya mteja ajione mfalme. Ujuzi huo aliuchukua akaenda nao jukwaani.

Mwaka 1970 aliungana na Taylor na mpiga gitaa Brian May, wakaunda bendi. Jina la Queen lilikuwa chaguo lake, na nembo ya bendi aliichora yeye. Mpiga besi John Deacon aliingia mwaka uliofuata. Katika siku hizo hizo Freddie aliacha jina la ukoo wa Bulsara, akajiita Mercury.

Mercury, katika imani ya Warumi wa kale, ni mungu wa wafanyabiashara na wasafiri, mjumbe mwenye viatu vya mabawa. Wachoraji wa katuni wa Marekani walikuwa wamemwazima zamani. Shujaa Flash alipotokea mara ya kwanza mwaka 1940 alivaa kofia yenye mabawa kama ya mungu huyo. Neno Shazam, ambalo humgeuza mtoto wa katuni kuwa shujaa, limeundwa kwa herufi za kwanza za majina sita, na M ya mwisho ni ya Mercury. Kijana wa Unguja naye akalivaa jina hilo, akageuka mtu mwingine.

Umaarufu ulikuja kwa kishindo. Mwaka 1975 Queen walitoa Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita ulioandikwa na Freddie. Ndani yake mna neno ambalo kila mtoto wa Unguja hulisikia watu wakianzia jambo, awe Mwislamu au la. Wimbo huo ulikaa wiki tisa mfululizo kileleni mwa chati ya Uingereza. Mwaka 1980 Queen walitunga muziki wa filamu ya Flash Gordon, shujaa aliyeanzia katika katuni za magazeti. Katika baadhi ya maonyesho ya miaka hiyo, Freddie aliingia jukwaani amebebwa mabegani na mtu aliyevaa mavazi ya Superman.

Mashujaa hao wana desturi moja. Superman, akivua joho, ni Clark Kent, mwandishi wa gazeti, na hakuna ofisini anayejua. Freddie naye alikuwa na upande usiosemwa. Kwa miaka kadhaa aliishi na mwanamke aliyeitwa Mary Austin. Mnamo 1976 alimweleza kwamba hamu yake iko pia kwa wanaume. Waliachana kama wapenzi, wakabaki marafiki hadi mwisho. Kuanzia mwaka 1985 aliishi na Jim Hutton, kinyozi kutoka Ireland. Mbele ya waandishi wa habari aliligeuza swali hilo kuwa mzaha, au akalikwepa.

Alikuwa na sababu. Alipofika Uingereza, mwanamume kulala na mwanamume mwenzake lilikuwa kosa la jinai, na liliendelea kuwa hivyo hadi mwaka 1967, Freddie akiwa na miaka 20. Sheria za namna hiyo ndizo Waingereza walizozileta katika makoloni yao, Uganda na Zanzibar zikiwamo. Hata katika katuni mlango ulifungwa. Mwaka 1954 wachapishaji wa Marekani, wakiogopa hasira ya wazazi na wanasiasa, walijiwekea kanuni iliyokataza hata kudokeza mapenzi ya jinsia moja. Kanuni hiyo haikulegezwa katika jambo hilo hadi mwaka 1989. Kwa hiyo kizazi kizima kilisoma mashujaa wenye siri za kila aina isipokuwa hiyo.

Tarehe 13 Julai 1985 Queen walipanda jukwaa la Wembley katika tamasha la Live Aid, lililokusanya fedha kwa ajili ya wenye njaa Ethiopia. Watu 72,000 walipiga makofi kwa mkono wake kwa muda wa dakika zipatazo 20. Kwa wengi, hapo ndipo alipofika kilele.

Wakati huo huo, huku kwetu, maradhi mapya yalikuwa yakitembea na biashara. Kasensero, mwalo wa ziwani karibu na mpaka wa Tanzania, ndiko wagonjwa wa mwanzo wa Uganda walikotambuliwa mwaka 1982. Walikuwamo wavuvi na wachuuzi wa magendo. Watu waliuita ugonjwa huo silimu, kwa jinsi ulivyowakondesha. Ulipanda barabara kuu, ukapita Lyantonde ambako madereva wa malori hulala, ukafika Mbarara na kuendelea kuelekea Rwanda na Kongo. Wengine walisema ni uchawi, wengine wakasema ni laana ya walaghai. Waliozikwa wakati huo walizikwa pamoja na siri ya kilichowaua.

Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi nyumbani akatangaza hadharani kwamba ana ukimwi. Baadhi ya watu walidhani anatafuta soko la nyimbo zake. Alizunguka mashuleni na makanisani akiwa amedhoofika, akawaonyesha vijana mwili wake. Alifariki Desemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 38, na kifo chake kikafungua midomo ya wengi.

Freddie alikuwa ameambiwa na daktari mwaka 1987. Aliificha habari hiyo, akaendelea kurekodi. Wapiga picha walijazana langoni kwake London wakisubiri kumwona alivyokonda. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kwa umma kwamba ana ukimwi. Kesho yake jioni alifariki, akiwa na miaka 45. Lutaya alijipa miezi ya kusema. Freddie alijipa siku moja.

Wiki chache baadaye, mwanzoni mwa mwaka 1992, kampuni ya Marvel ya Marekani ilitoa toleo namba 106 la katuni ya Alpha Flight. Humo shujaa aitwaye Northstar, Mkanada mwenye mbio za ajabu, anaokota mtoto mchanga aliyetupwa akiwa na ukimwi. Mtoto anakufa, na katika ugomvi unaofuata Northstar anatamka kwamba yeye ni mpenzi wa wanaume. Alikuwa wa kwanza kusema hivyo miongoni mwa mashujaa wa Marvel, miaka 13 baada ya kuumbwa. Mwaka 2012 kampuni hiyo ikachapisha harusi yake. Katika karatasi, shujaa aliruhusiwa kuwa mtu yule yule mchana na usiku.

Kwao Freddie mambo yalienda njia nyingine. Mwaka 2004 Zanzibar ilipitisha sheria mpya dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Mwaka 2006, ambapo angetimiza miaka 60, sherehe iliyopangwa mjini humo kwa heshima yake ilifutwa baada ya jumuiya ya Uamsho kuipinga. Hata hivyo mwaka 2019 makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Mji Mkongwe, na watalii hulipa kiingilio. Uganda nayo ilipitisha sheria yake mwaka 2023. Adhabu yake inafika kifungo cha maisha, na kwa makosa yanayotajwa kuwa mazito, kifo. Sheria hiyo inamgusa kila aliye ndani ya mipaka, awe raia wa Mbarara au mkimbizi wa Nakivale aliyekimbia bunduki nchini kwao. Mwenye siri kama ya Freddie hujificha, na anayejificha huchelewa kufika zahanati, kama walivyochelewa watu wa Kasensero.

Freddie aliagwa kwa ibada ya dini ya wazazi wake, makasisi wa Zoroasta wakisoma sala za kale, kisha mwili ukachomwa. Nyumba yake na sehemu kubwa ya mali alimwachia Mary Austin, na ndiye aliyekabidhiwa majivu. Aliyaweka mahali ambapo Freddie alimwomba, na hajamwambia mtu ni wapi.