MAISHA YA WILLIAM KROLL, MTU WA TITANI

Wanafunzi wenzangu, katika darasa la shimi tunakariri majina ya madini mengi, lakini hatuulizi ni nani aliyesumbuka mbele yetu ili yapatikane. Leo tuone maisha ya Bwana Kroll.

William Kroll alizaliwa mwaka 1889 kule Esch-sur-Alzette, katika inchi ndogo ya Luxembourg, mahali watu wanaishi na kazi ya chuma. Alisoma ufundi wa madini Berlin, kisha akarudi kwao akajitengenezea labo yake mwenyewe.

Pale alishindana na titani. Titani si ya mchezo! Inayeyuka kwa digri 1668. Tena ikipata moto inakamata oksijeni na azoti ya hewa, na ikiisha kuzikamata inavunjika kama sahani. Ukiiyeyusha ndani ya chungu cha udongo, inakula chungu chenyewe.

Kroll alifanya namna gani? Alichukua titani iliyoungana na klori, akaikutanisha na magnezi ya moto ndani ya chombo chenye argoni, gesi isiyoungana na kitu. Magnezi ikanyanganya ile klori, titani ikabaki peke yake, na matundu mengi kama sponji. Kisha aliiyeyusha kwa moto wa umeme ndani ya chungu cha shaba, maji baridi yakizunguka inje. Titani inayogusa shaba inaganda palepale. Basi ile ya katikati inayeyuka ndani ya ngozi yake yenyewe, bila uchafu. Kwa njia hiyo mtu anaweza kuichanganya na metali zingine. Mchanganyiko unaojulikana sana katika ndege una aluminiumu 6 na vanadiumu 4 kwa 100.

Mwaka 1938 alipeleka titani yake Marekani, lakini makampuni hayakuitaka. Mwaka 1940 alikimbia vita, akahamia kule. Mwaka uleule alipewa hati ya uvumbuzi wake, lakini serikali ikaishika, juu Luxembourg ilikuwa mikononi mwa Wajeremani. Ilimubidi kudai haki yake mbele ya mahakama.

Hata hivyo hakuacha kazi. Tangu 1945, kule Albany, Oregon, alifanya vilevile na zirkoni, inayoyeyuka kwa digri 1855. Zirkoni iliyochanganywa na bati kidogo ilifunika urani ndani ya Nautilus, manowari ya Marekani iliyoshushwa majini mwaka 1954.

Kroll alirudi Ulaya, akafa Brussels mwaka 1973. Mpaka leo sehemu kubwa ya titani ya dunia inatoka kwa njia yake.

Wenzangu, yeye alikataliwa, akanyanganywa, lakini kesho yake aliwasha tena moto. Na sisi tukikosa hesabu moja tu, mara tunafunga kaye!