Mtakatifu Monika Hakuficha Uchungu Wake

Katika nyumba nyingi za Silanga, pale Kibera, baba, mama na watoto wanaishi chumba kimoja. Mkigombana, hamna pa kwenda kulia. Kodi imechelewa, mwenzio ametumia pesa za unga, na sala ya jioni inapofika unashukuru kwa mdomo huku moyo unachemka. Je, hiyo ni sala? Mtazame Mtakatifu Monika, tunayemkumbuka kila tarehe 27 Agosti.

Monika alizaliwa yapata mwaka 331 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Aliolewa na Patrisi, mpagani mwepesi wa hasira na asiye mwaminifu katika ndoa. Patrisi akiwaka, Monika hakubishana naye; alingoja atulie, ndipo amweleze. Patrisi alibatizwa mwishoni mwa maisha yake.

Aliyemliza zaidi ni mwanawe Augustino, aliyeiacha imani ya mama yake. Mwaka 383 kijana huyo alitaka kwenda Roma. Bandarini Karthago alimdanganya mama yake kwamba anamsindikiza tu rafiki anayengoja upepo. Monika akakesha katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani, akiomba mwanawe asiondoke. Usiku uleule meli ikang'oa nanga.

Asubuhi Monika alifika ufukweni, akalia na kumlalamikia Mungu kwa sauti. Alimshutumu pia mwanawe kwa uongo na ukatili. Kisha akarudia kumwombea mwana yuleyule, akaenda nyumbani. Augustino mwenyewe ndiye aliyeandika habari hizi katika kitabu chake cha Maungamo. Aliona kwamba Mungu hakumpa mama ombi la siku ile ili ampe lile aliloliomba siku zote. Pasaka ya mwaka 387, huko Milano, Askofu Ambrosi alimbatiza. Mwaka huohuo Monika alifariki, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake.

Wewe mume, wewe mke, fanya hivyohivyo. Mwambie Mungu jambo lenyewe: pesa, ulevi, maneno yaliyokuchoma. Ukikasirika kwamba hajajibu, mwambie hilo pia. Ukimaliza, mwombee mwenzio kwa jina, halafu mzungumze mkiwa mmetulia. Lakini kusali si kuficha kipigo: ukipigwa, tafuta msaada upesi kwa ndugu, padre na polisi.

Mungu anaujua moyo wako tayari. Usiogope kumwonyesha.