Mzee Muuza Chai wa Kyoto na Buli la Udongo

Wapenzi wa chai ya kijani huuliza ni buli gani la Kijapani lifaalo kununuliwa. Muuza duka atakuonyesha ya kila namna na ya kila bei: ya chuma yenye nakshi, ya kaure yenye maua, na ya udongo mwekundu yasiyo na pambo lolote. Msomaji, kabla hujatoa pesa zako, yafaa umjue mzee mmoja aliyekufa mwaka wa 1763. Yeye ndiye aliyeifanya chai ya majani ipendwe na wasomi na washairi wa mji wa Kyoto, na mabuli madogo ya udongo yakapata soko nyuma yake.

Wajapani humwita Baisao, maana yake Mzee Muuza Chai. Alizaliwa mwaka wa 1675 huko Hasuike, katika jimbo la Hizen, kisiwa cha Kyushu. Baba yake alikuwa tabibu wa mtawala wa pale, lakini alifariki mtoto akiwa angali mdogo. Alipotimia miaka 11 hivi akatiwa katika hekalu la Ryushinji awe mtawa wa Kibudha, akapewa jina la Gekkai.

Hekalu hilo lilikuwa la madhehebu ya Obaku, nayo yalikuwa mageni Japani. Yaliletwa na mtawa wa Kichina, Ingen, aliyeshuka katika bandari ya Nagasaki mwaka wa 1654, kisha akajenga hekalu kuu la Manpukuji karibu na Uji mwaka wa 1661. Wachina hao walikuja na vitabu vyao, vyakula vyao, na namna yao ya kunywa chai. Wajapani wenye vyeo walizoea chai ya unga inayopigwa povu ndani ya bakuli, kwa taratibu nyingi za kukaa, kuinama na kushika. Hawa Wachina walitia majani mazima katika buli dogo, wakamimina katika vikombe vidogo, wakanywa huku wakizungumza.

Gekkai alikuwa mwanafunzi hodari. Angali kijana aliugua vibaya, na alipopona akafunga safari ndefu kwenda kaskazini kutafuta elimu, akakaa upweke mlimani, kisha akarudi kumtumikia mwalimu wake. Mwalimu alipofariki mwaka wa 1720, wengi walitazamia kuwa Gekkai ndiye atakayekalia nafasi yake. Hakuitaka. Alimwachia mwenziwe, na mwaka wa 1724 akaondoka kwao kwenda Kyoto, umri wake karibu miaka 50, hana hekalu wala mali.

Kwa miaka kumi na moja alizungukazunguka. Mwaka wa 1735, akiwa mtu wa miaka 60, akafungua kibanda kando ya mto Kamo na kuanza kuuza chai. Siku za maua ya micheri, au majani yanapopiga wekundu wakati wa vuli, alikwenda watu waliko. Alivitia vyombo vyake ndani ya vikapu, akavibeba kwa mti begani, akatua chini ya miti ya hekalu la Tofukuji na kutundika bendera yake iliyoandikwa maneno ya upepo safi. Sisi wa pwani, tuliomzoea muuza kahawa na dele lake, hatupati taabu kumwona mzee huyu akipuliza makaa.

Bei yake ilikuwa jambo la ajabu. Palikuwa na kipande cha mwanzi cha kutilia pesa, na juu yake maandishi ya kumjulisha mteja kwamba atoe apendacho, tangu vipande 100 vya dhahabu hadi nusu ya senti. Akitaka kunywa bure na anywe, ila chini ya bure mzee hawezi kushuka. Ucheshi huo haukujaza mwanzi. Mara nyingi alikosa hata mchele, na marafiki ndio waliomletea.

Waliomlaumu walikuwa wengi, na lawama yenyewe haikuwa ndogo. Sheria za watawa zilikataza biashara. Mtawa alipaswa kuishi kwa sadaka za waumini. Tena kuuza chai njiani ilikuwa kazi ya maskini wa mwisho, wazee wasio na nguvu ya kazi nyingine. Yeye alijibu kwa maandishi kwamba aliwaona wengi wakilifanya vazi la utawa kuwa mtego wa kuwanasia watoa sadaka, wakisifia ucha Mungu wao ili wapewe zaidi. Aliona kikombe cha chai kwa senti ni njia safi zaidi ya kupata riziki. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo uzito wa maisha yake. Alikuwa na elimu ya kutosha kuketi juu ya mkeka wa wakuu, akachagua seredani.

Mwaka wa 1742 alilazimika kurudi Hizen kwa ajili ya kibali cha kukaa nje ya jimbo. Akaomba ruhusa ya kuuvua utawa kabisa, akaipata, na akajiita Ko Yugai. Mwaka huohuo alimtembelea mkulima Nagatani Soen katika bonde moja la Ujitawara. Soen alikuwa ametumia miaka mingi kujaribu namna mpya ya kutengeneza chai, na mwaka wa 1738 alifaulu: aliyapiga mvuke majani machanga, akayafikicha kwa mikono na kuyakausha juu ya moto mdogo. Yalitoa chai ya kijani kibichi, yenye harufu na utamu. Mzee aliisifu mno. Jina la sencha maana yake ni chai ya kuchemshwa, lakini majani ya Soen hayakuhitaji kuchemshwa sana; yalihitaji maji mazuri, muda mfupi, na chombo kisichoyaharibu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye buli. Lile linalofaa kwa chai hii huitwa kyusu. Ni dogo, la watu wawili au watatu huingia mililita 200 hadi 350 tu. Mkono wake haupo nyuma, umetoka ubavuni, ili mtu amimine kwa mkono mmoja huku kidole gumba kimeshika kifuniko. Mengi hutengenezwa kwa mtu wa mkono wa kulia, basi wewe wa shoto uulize. Ndani lisiwe na rangi ya kung'aa ikiwa wataka udongo wenyewe uikutane chai. Udongo mwekundu wa Tokoname una chuma ndani yake, na wanywaji wengi hushikilia kuwa hupunguza ukali wa chai. Buli kama hilo huoshwa kwa maji matupu, kwani sabuni huingia udongoni. Mwenye kubadilisha chai za namna nyingi anunue la kaure, ambalo halishiki harufu.

Lifungue utazame ndani, pale mdomo unapoanzia. Buli jema lina chujio la udongo uleule, limetobolewa matundu madogo mengi. Kwa majani yaliyopigwa mvuke sana, ambayo huvunjika vipande vidogo, matundu yawe madogo zaidi, la sivyo yataziba. Kisha tia maji, funika, ziba kwa kidole kile kitundu cha kifunikoni na umimine: maji yakikatika, kifuniko kimekaa sawasawa. Ukiinua mdomo, tone lisiteremke shingoni. Na lile buli la chuma lenye nakshi liitwalo tetsubin, lililo chuma kitupu ndani, ni birika la kuchemshia maji. Wengi hulinunua kwa uzuri wake wakatia majani, chai ikapoteza ladha. Maji yenyewe yakishachemka yaachwe yapoe hadi digrii 70 au 80, na dakika moja yatosha.

Turudi kwa mzee wetu. Wachoraji na washairi walikizunguka kibanda chake: Ike no Taiga, mtawa Daiten, na Ito Jakuchu aliyemchora akiwa mkongwe, nywele zimemtimka, macho makali. Watu hao wakaanza kukusanya vyombo vya chai kama vyake. Naye aliiona hatari. Katika chai ya unga bakuli liliweza kuuzwa kwa mali nyingi, kwa kuwa tu liliwahi kushikwa na mkuu fulani.

Basi mwaka wa 1755, umri wake miaka 80 na mgongo ukimuuma, aliacha kuuza. Akavichoma moto vyombo vyake, pamoja na kile kikapu alichokipa jina kama mtoto na kukibeba milimani na mitoni. Aliandika waraka wa kukiaga kikapu, akisema nacho kana kwamba ni sahibu mzee. Alikishukuru kwa kumsaidia kuishi, akaeleza kwamba alichelea baada ya kifo chake kisije kikaangukia mikono ya walimwengu wakakidhalilisha, na kwamba moto ulikuwa ndiyo heshima ya mwisho aliyoweza kukifanyia. Miaka iliyobaki aliishi kwa kuandika hati na kwa hisani ya marafiki. Mashairi yake yalichapishwa mwaka wa 1763, na mwezi wa saba wa kalenda yao akafariki, umri wake miaka 88.

Moto haukutosha. Kimura Kenkado, mfanyabiashara msomi wa Osaka, alivipenda vyombo vya mzee, na mwaka wa 1823 kikatoka kitabu cha michoro yake, vyombo kimoja kimoja, watu wapate kuviiga. Katika maktaba ya Kenkado huyohuyo kijana Aoki Mokubei alikuta kitabu cha Kichina cha ufinyanzi, akaamua kuwa mfinyanzi. Mabuli yake siku hizi yamo katika majumba ya makumbusho. Huko Tokoname walianza kufinyanga mabuli mekundu miaka ya 1850, na mwaka wa 1878 wakamwita fundi wa Kichina kuwafundisha kazi ya Yixing.

Na kule Manpukuji, ndani ya ua wa hekalu, kuna jumba lililopewa jina la Mzee Muuza Chai. Hekaluni humo pia yamo makao ya chama cha sencha cha Japani nzima, ambapo walimu wa shule mbalimbali hukutana kuiandaa chai hiyo kwa taratibu zao, kila shule na namna yake ya kukaa, kuinama na kulishika buli.