Ferdinand Braun: mwalimu aliyeuzuia umeme usirudi nyuma

Fundi akikosea akafunga nyaya za betri ya gari kinyume, chanya mahali pa hasi, madhara huonekana papo hapo: dayodi za alteneta huungua, fyuzi hukatika, na hata kompyuta ya gari inaweza kufa. Gari likinusurika, mara nyingi limeokolewa na kidude ambacho asili yake ni ugunduzi wa Mjerumani mmoja, ambaye wengi wetu hatumjui hata kwa jina.

Karl Ferdinand Braun alizaliwa Fulda tarehe 6 Juni 1850. Alipata udaktari wa fizikia Berlin mwaka 1872, lakini hali ya fedha ikamfanya akafundishe sekondari mjini Leipzig. Ni wakati huo, mwaka 1874, alipogusisha ncha ya waya kwenye jiwe la galena, yaani madini ya risasi na salfa, akaona umeme unapita vizuri upande mmoja na kwa shida upande wa pili. Kwa karibu miaka 25 hakuna aliyeona faida ya jambo hilo, hadi redio ilipofika.

Dayodi za leo ni za silikoni, ila kazi ni ile ile. Ikiwekwa kwenye njia ya umeme, betri ikigeuzwa haipitishi kitu. Tatizo, inakula kama volti 0.7, mkondo ukiwa ampea 10, hilo ni joto la wati 7. Ndiyo maana wengine huiweka kati ya chanya na hasi, baada ya fyuzi: betri ikigeuzwa, umeme hupita hapo kwa nguvu na fyuzi inakatika. Sisi tunaipenda zaidi njia hii, maana fyuzi ni bei rahisi.

Mwaka 1897, akiwa Strasbourg, Braun alitengeneza bomba la miale lililokuja kuzaa televisheni zile nzito za zamani, na mwaka 1909 aligawana tuzo ya Nobel na Marconi kwa kazi ya redio.

Mwishoni mwa 1914 alisafiri kwenda New York kutoa ushahidi katika kesi ya hataza za redio. Vita vikamfungia njia ya kurudi. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 akahesabiwa raia wa nchi adui. Alifariki Brooklyn tarehe 20 Aprili 1918, karibu miezi saba kabla ya vita kwisha. Majivu yake yalirudishwa Fulda baadaye.