Joseph Murumbi na macho ya watoto wetu

Tunapotajiwa historia ya sanaa, wengi wetu tunaofundisha hapa Eldoret huwazia Italia na Ufaransa, kana kwamba somo hilo halina mzizi katika ardhi hii. Mimi siafikiani na dhana hiyo. Ningependa watoto wetu walianze kwa maisha ya marehemu Joseph Murumbi, ambaye aghalabu hukumbukwa kwa siasa tu.

Murumbi alizaliwa mwaka wa 1911 huko Eldama Ravine, mwendo usio mrefu kutoka mjini kwetu. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mgoa. Mama yake alitoka katika Wamaasai wa Uasin Gishu, wale wale ambao kaunti yetu ina jina lao. Angali mtoto alipelekwa India kusoma, akarejea akiwa kijana. Viongozi wa chama cha KAU walipotiwa mbaroni mwaka wa 1952, yeye alikaimu ukatibu mkuu. Mwaka uliofuata aliondoka nchini, na hakurudi kutoka London hadi 1962. Mwaka wa 1964 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na 1966 akawa Makamu wa Rais, cheo alichojiuzulu mwaka huo huo.

Aliyeacha madaraka hakuacha kazi. Yeye na mkewe Sheila, aliyekuwa mkutubi, walikusanya vinyago, nguo, mapambo, stampu na maelfu ya vitabu kuhusu Afrika. Mwaka wa 1972 alishirikiana na Mmarekani Alan Donovan kuanzisha jumba la sanaa la African Heritage jijini Nairobi. Baadaye aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na hazina hiyo, akitumaini kwamba pale patakuwa chuo cha taaluma za Kiafrika.

Hazina ilinusurika, na sehemu yake kubwa huonyeshwa katika jengo la Nyaraka za Taifa, Nairobi. Nyumba haikunusurika. Ilibomolewa na kiwanja kikagawanywa. Murumbi alifariki mwaka wa 1990, akazikwa City Park.

Je, waliobomoa walikuwa wajinga? La hasha. Naamini walikuwa watu waliosoma na kufaulu mitihani. Walichokosa ni jicho la kutambua kwamba kitu kilichotengenezwa kwa mkono hubeba habari kama kitabu. Jicho hilo halizaliwi na mtu; hufundishwa, na wakati wa kulifundisha ni utotoni.

Najua nitaambiwa kwamba shule hazina rangi wala brashi, na kwamba vipindi havitoshi. Lakini historia ya sanaa huanza kwa kutazama na kuuliza. Chukueni sotet, kibuyu ambacho Wakalenjin hutilia mursik. Mbona kina shingo ndefu? Mbona ndani hupakwa mkaa, tena wa mti maalumu? Nani alishona ushanga kwenye ukanda wake, na alijifunza kwa nani? Mtoto akishazoea maswali hayo, mwonyesheni picha ya chungu cha Wagiriki wa kale au sanamu ya shaba ya Benin, naye atauliza yayo hayo. Hapo atakuwa ameingia katika historia ya sanaa ya ulimwengu akipitia mlango wa nyumbani kwao. Siku shule itakapopata basi la kwenda Nairobi, atajua la kutafuta katika vyumba vya Murumbi.

Nanyi wanafunzi, msingoje basi. Waulizeni nyanya zenu wangali nasi, kwani vitu vingi hupoteza maana yake siku anayevijua anapozikwa.

Mwalimu mwenzangu, muhula ujao mwombe kila mtoto alete darasani chombo kimoja kutoka nyumbani, pamoja na jina la mtu aliyekitengeneza. Wengi watakuja na chombo bila jina. Anzeni somo hapo.